Kabla hujakimbilia bwawa la karpi

Wiki iliyopita niliweka picha ya wavu wangu wa kutunzia samaki baada ya shindano la klabu yetu ya uvuvi kwenye Mfereji wa Coventry, huku Uingereza. Niliibuka wa kwanza. Rochi wengi wa ukubwa wa kiganja, brimu wachache, na pechi mmoja mwenye miba iliyonichoma kidole gumba: jumla kilo nne kasoro kidogo. Aliyenifuata hakufika kilo tatu. Wazee wa klabu walinipa mkono mmoja mmoja, na yule ambaye miaka yote hunisalimia kwa kuinua kidevu tu alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akauliza nilikuwa nawalisha nini. Kwa mfereji ule, maji yakiwa maangavu na boti zinapita kila baada ya muda mfupi, kilo nne ni habari ya kusimulia baa.

Jioni ukaingia ujumbe kutoka kwa kijana wa Kitanzania anayeishi Leicester, dereva wa kusambaza vifurushi. "Shikamoo kaka. Hongera kwa ushindi. Ila kaka usichukie, hivyo visamaki ndivyo vimekupa kombe? Mimi naona video watu wanatoa karpi wa kilo saba, nane, akitoka huyu anaingia mwingine. Nielekeze bwawa la maana na ufito wa kuvulia wa kununua, nami nianze kushinda."

Marahaba, mdogo wangu. Sijachukia. Ila nimeusoma ujumbe wako mara nyingi kuliko ulivyotarajia, na nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wengine walioiona ile picha waliandika hayohayo kwa maneno makali zaidi. Najua unachokitaka, maana ndicho nilichokitaka mimi: ushinde, jina lako lisomwe mbele ya Waingereza, wahangaike namna ya kulitamka. Ngoja nikueleze njia niliyopita.

Nilipofika nchi hii nilikuwa napanga maboksi ghalani, zamu ya usiku, upande wa Daventry. Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekua nikivua furu kwenye mawe ya ziwani kwa mshipi uliofungwa kijitini na mnyoo wa shambani. Kukaa mbali na maji kulinikondesha roho. Mpolandi mmoja tuliyekuwa naye zamu moja akaniona nimenyong'onyea, akanichukua asubuhi moja tulipotoka kazini, akanipeleka kwenye bwawa la kulipia.

Sijui nani aliyebuni mabwawa haya lakini alimjua mtu aliyechoka. Unaegesha gari hatua chache kutoka majini. Unalipa paundi kumi hivi kwenye mgahawa wa shamba, unachukua chai na mkate wa yai, unapewa karatasi ya masharti: ndoana zisizo na ule mwiba wa nyuma, mkeka wa kumlazia samaki asichubuke, chambo cha aina hii ruksa na cha aina ile marufuku. Vituo vina namba na jukwaa la mbao. Choo kipo. Na hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala nani kaniruhusu kuwa pale. Kwa hilo nitawatetea wenye mabwawa siku zote, hata baada ya yote nitakayoyasema hapa chini.

Nikampata karpi. Kilo nne, labda tano, ana magamba ya dhahabu na mdomo mnene. Nilitetemeka. Nikampiga picha, nikamrudisha majini kama karatasi ilivyoagiza, nikampigia Mama simu Mwanza.

"Baba, yaani umekaa kwenye baridi kutwa, umempata samaki wa kulisha nyumba nzima, halafu ukamrudisha majini?"

"Ndiyo Mama, ndiyo utaratibu wa huku."

"Huko hakuna daktari wa vichwa?"

Miaka iliyofuata nitairuka, ilikuwa ya karpi na karpi tena. Nikajifunza mashindano ya mabwawani, nikapata bahasha kadhaa za ushindi, nikanunua ufito wa kaboni ambao bei yake mke wangu hajaambiwa hadi leo. Kwa hiyo usidhani ninayekuandikia ni mtu aliyeshindwa bwawani akaenda kununa mferejini. Bwawa nalijua. Tunnel Barn Farm, Makins, yale mabwawa ya Warwickshire ambayo kila mtu wa mashindano huku anayataja, nimekaa kwenye majukwaa yake na sikutoka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sasa sikia mambo yanavyokwenda pale, ili ujue unanunua nini. Ule ufito mrefu hauna gurudumu la kukunjia uzi. Ni mirija ya kaboni inayochomekana hadi mita 13, wengine 16, na ndani ya ncha kuna lastiki. Karpi akikurupuka, lastiki inafuata. Wewe unarudisha ufito nyuma juu ya rola, unachomoa vipande, unamwopoa. Mabwawa mengi yamechimbwa marefu na membamba, yanajipindapinda, makusudi kabisa, ili ufito wako ufike karibu na ukingo wa pili ambako karpi hupenda kujibanza. Asiyetaka ufito anatupa kifaa bapa chenye chubwi chini, kimeshindiliwa peleti zilizoloweshwa, na uzi wa ndoana ni mfupi wa sentimita kumi tu. Chambo hakikai kwenye ndoana, kinaning'inia pembeni kwa kinyuzi chembamba. Karpi akifyonza, uzito wa kile kifaa unamkwamisha yeye mwenyewe. Kazi yako ni kushika ufito usiburutwe. Saa mbili za mwisho unahamia ukingoni miguuni pako, unamwaga peleti, wanakuja. Kilo arobaini na tano kwa siku, pale, si jambo la kushangaza mtu.

Ni raha, sikatai. Lakini jiulize nani amefanya kazi. Samaki wameletwa kwa lori. Wamezoea peleti tangu utotoni shambani. Ni wengi kuliko bwawa linavyoweza kuwalisha peke yake, kwa hiyo wanangoja chakula chako na cha jirani yako. Wengi wao hata si karpi halisi: ni chotara wanaoitwa F1, karpi aliyechanganywa na binamu yake mdogo, krushani. Anapendwa na wenye mabwawa kwa sababu anakula hata majira ya baridi, wakati karpi mwenyewe ameganda matopeni. Wengine midomo imechanika kwa kushikwa na kuachiwa, kushikwa na kuachiwa. Siku moja nilimshika mmoja aliyekuwa na upande mmoja tu wa mdomo. Nilimfungua ndoana taratibu, nikatazama ubao wa matokeo, nikaona niko wa tatu, nikaendelea. Nakwambia ukweli.

Zamani haikuwa hivi. Huku samaki wa maji baridi waligawanywa kitabaka: samoni na trauti wa mabwana wenye ardhi, na waliobaki, yaani rochi, brimu, tenchi, pechi, paiki, chabu na wenzao, wakawa wa mtu wa kiwandani. Na mtu wa kiwandani aliwapenda kwelikweli. Sheria ya mwaka 1878 iliyofunga uvuvi wao wakati wa kuzaana ilipelekwa bungeni na Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa wafua chuma. Ndiyo chanzo cha ule msimu wa kufunga, kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na ndiyo maana tarehe 16 Juni kwa wavuvi wa huku ni sikukuu. Sisi tulioona Ziwa Tanganyika likifungwa miezi mitatu mwaka 2024, na kelele zilizofuata, tunaelewa kwamba kufunga maji si jambo dogo.

Karpi mwenyewe alikuwa adimu. Mwaka 1952 Richard Walker alipomtoa mmoja wa ratili 44, karibu kilo 20, kwenye bwawa la Redmire, samaki yule alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London, akapewa jina la Clarissa, watu wakaenda kumtazama. Fikiria: samaki mmoja watu wakamwendea mjini. Leo mtoto wa shule anatoa karpi kumi kabla ya chakula cha mchana, halafu anasema amechoka.

Kilichobadilisha mambo ni vitu vingi vilivyokutana. Ruzuku na masharti ya kilimo Ulaya vilibadilika miaka ya 1980, mkulima akawekewa kikomo cha maziwa, akatazama lile shamba lake la mfinyanzi lisilokauka, akakodi katapila. Viwanda vikafungwa na klabu za viwandani zikafa navyo. Mwaka 1995 msimu wa kufunga ukaondolewa kwenye mabwawa mengi, ukabaki mitoni, kwa hiyo kila Machi anayetaka kuvua anajua pa kwenda. Miaka hiyohiyo mashindano ya Fish'O'Mania yakaanza kuonyeshwa Sky Sports kutoka bwawa la Hayfield karibu na Doncaster, na kijana aliyekuwa anajiuliza kama uvuvi una pesa akapata jibu sebuleni kwao.

Na mito? Chukua Trent. Kando yake kulikuwa na vituo vya umeme vya makaa ya mawe vilivyomwaga maji ya moto mtoni, rochi wakala hata Januari. Mabasi yalitoka alfajiri ya Jumapili kwenye milango ya viwanda na baa za Birmingham, Leicester na Sheffield, yakapanga watu kilomita nyingi ukingoni. Vituo vile vimezimwa kimoja kimoja, na cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Maji ya Trent yakawa baridi na maangavu, rochi wakapungua, mnandi, wale ndege wala samaki, wakaja kutoka pwani wakagundua kwamba bara kuna chakula. Mvuvi wa wastani akahesabu: petroli, matope, na labda samaki wanne. Akageuza gari kuelekea bwawani. Simlaumu. Niligeuza hilohilo gari.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Coventry, mstaafu wa kiwanda cha magari, jirani wa rafiki yangu. Aliniona nikipakia vifaa vyangu garini, vingi kama ninahama nyumba, akauliza naenda kuvua papa wapi. Nikamwambia bwawani. Akasema, bila kuficha dharau, "Basi Jumamosi njoo na mimi, ulete mkate."

Alimaanisha mkate. Slesi za mkate mweupe wa dukani. Ana kijitobo cha shaba, anakata kiduara cha mkate kidogo kuliko njugu mawe, anakiweka kwenye ndoana ndogo ambayo mimi niliiona kwa shida. Chelezo chake kilikuwa chembamba, kimezama kikabaki ncha ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Anarusha mkate uliopondwa, kidonge kimoja tu, anangoja. Mimi nikarusha mkono mzima, nikakaa saa nzima bila kuguswa huku yeye akiwaopoa rochi mmoja baada ya mwingine mita kumi kutoka kwangu.

"Umewashibisha," akasema. "Hawa hawasubiri lori la chakula. Kila punje unayotupa, jiulize nani atakuja kuila."

Huo ndio ushauri wote, mdogo wangu. Ukitaka kufunga ukurasa sasa, funga. Lisha kidogo, lisha mara kwa mara, tazama chelezo.

Akanifundisha mengine kwa miaka: kusoma ule mtaro wa katikati ya mfereji ambako boti hupita, na ile ngazi ya chini ya maji pembeni yake ambako samaki hukaa; kutulia boti ikipita, kwa sababu mara nyingine samaki huanza kula baada ya tope kutibuka; kuvua mtoni kwa chelezo kinachoteremka na mkondo, ukikizuia kidogo ili ndoana itangulie, ukitupa funza wachache kila mara. Kuchemsha mbegu za bangi hadi zipasuke, chambo halali kabisa kwa rochi, hazioti tena na hazilewi mtu, ingawa nilipomweleza Mama alikata simu. Sitayaeleza yote, ni marefu na bila maji mbele yako hayana maana. Lisha kidogo. Tazama chelezo.

Sasa sehemu ambayo sikupenda kuiandika. Bwawani, nimesema, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mtoni waliniuliza. Msimu mmoja nilikuwa peke yangu ukingoni mwa Avon, kadi ya klabu shingoni, leseni kwenye simu. Wakapita mtu na mkewe na mbwa. Wakasimama, wakatazama wavu wangu. Mwanamke akauliza, kwa tabasamu, "Utawarudisha, eti?" Nikasema ndiyo, tunawarudisha baada ya kupima. Wakaondoka. Muda si mrefu akaja mlinzi wa mto, kijana mdogo kuliko mimi. Amepigiwa simu kwamba kuna mgeni anakusanya samaki. Akaomba leseni, nikampa. Akaomba kadi, ile iliyokuwa shingoni. Kisha akaomba kuona begi. Kulikuwa na chupa ya chai, mayai mawili ya kuchemsha na soksi. Akayatazama yale mayai kwa muda, sijui alitarajia nini, akasema asante, anatimiza wajibu tu. Mita mia juu yangu kulikuwa na Mwingereza anavua. Yeye hakufunguliwa begi.

Nilikaa na jambo hilo. Nimekaa nalo mpaka leo, kama unavyoona. Tena sheria yenyewe, kwa taarifa ya yule mama mwenye mbwa, inaruhusu mtu kuchukua mtoni samaki 15 wadogo kwa siku, wasiozidi sentimita 20, na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, mradi mwenye maji ameridhia. Klabu nyingi hazikubali, na mimi nafuata klabu. Sijawahi kuondoka na hata mmoja, ingawa nikiona paiki wa sentimita sitini, moyo wangu wa Mwanza unaona tui la nazi.

Wengi wetu tukifanyiwa hivyo mara moja tunarudi bwawani tusisumbuliwe. Ndivyo nilivyowaza nami. Yule mzee nilipomweleza hakunipa pole. Alinipeleka kwenye mkutano wa mwaka wa klabu, ukumbi mdogo juu ya baa, wazee kumi na mmoja na mbwa mmoja, akasema nahitajika kwenye kamati kwa sababu nina mgongo mzima wa kukata matete. Nikachaguliwa bila kupingwa. Mwaka uliofuata yule kijana mlinzi alikuwa ananiletea taarifa zake mimi. Sitakuficha, nilifurahia.

Na kwenye kamati ndipo nilipoona kitu ambacho bwawani huwezi kukiona. Kadi yako ya mwaka wa klabu, pesa ya kwenda bwawani mara chache tu, ndiyo inayokodi ukingo, inakata matete, na inalipa uanachama wa Fish Legal, chombo cha wavuvi ambacho tangu mwaka 1948, wakati huo kwa jina jingine, kimekuwa kikiwapeleka mahakamani wanaochafua mito. Mvuvi akiona povu jeupe linatoka kwenye bomba Jumanne asubuhi, anapiga simu. Asipokuwepo mvuvi, nani yuko mtoni Jumanne asubuhi? Kwa vipimo vya mwaka 2019, ni mito 14 tu kati ya kila 100 ya England iliyofikia kiwango kinachoitwa kizuri kimazingira. Kila mtu analalamika kuhusu maji taka, na waliokuwa wakikaa kandokando ya mto kutwa nzima wamekwenda kukaa kwenye jukwaa la mbao karibu na maegesho.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa somo hili na Mzungu. Miaka ya 1950 sangara alipandikizwa Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 amejaa kila pembe, na furu, waliokuwa mamia ya aina, wengi wakatoweka, sangara akisaidiwa na maji yaliyoharibika. Mwanza ikapata viwanda vya minofu, ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, watu wakajenga. Nami nilisomeshwa na baba aliyefanya kazi kiwandani humo, kwa hiyo sitamtukana sangara. Lakini minofu iliondoka, sisi tukakaanga mapanki. Ndiyo maana nikisikia bwawa limeongezewa tani nyingine za samaki mmoja anayelipa, masikio yananisimama. Bwawa lina kingo, utasema. Mafuriko hayajui kingo, karpi wa mabwawani wanafika mitoni. Yule krushani halisi amekuwa adimu kwa sababu anazaana na karpi na samaki wa dhahabu hadi asijulikane tena. Na virusi vya KHV, vinavyoua karpi maji yakipata joto la kuzidi nyuzi 16, husafiri na samaki wanaohamishwa na nyavu zenye unyevu. Tangu mwaka 2007 ni ugonjwa ambao ukiuona lazima utoe taarifa. Kausha wavu wako. Hilo nalo ni ushauri.

Vijana, mnanisikia? Tumekuja nchi ya watu, tunafanya kazi za usiku, tunataka matokeo ya haraka ili tuwatumie nyumbani picha inayoeleweka. Karpi wa kilo nane anaeleweka. Rochi wa gramu mia haeleweki, mpaka umpate siku ambayo hakuna mwingine aliyempata. Bwawani ukimshinda jirani yako, mara nyingi umemshinda kwa namba ya kituo uliyoipata kwenye kura ya asubuhi na kwa unene wa pochi. Kuna mabingwa wa kweli kule, nawaheshimu, wanaweza kumhesabia karpi pumzi. Lakini wengi wao, chunguza, walilelewa mferejini na baba zao. Wakaenda bwawani na akili ya rochi. Ninyi mnataka kuanzia mwisho. Na wenye mabwawa wenyewe wameanza kuona: sasa kuna mashindano ya samaki wa fedha tu, rochi na brimu, karpi hahesabiwi. Watu wamechoka kuvutwa mikono.

Haya, kijana wa Leicester, nisije nikakuweka usiku kucha na kesho una vifurushi. Nunua leseni ya ufito ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, kabla ya ndoana ya kwanza, hata kama unaenda bwawani. Ukikamatwa bila leseni faini inaweza kufika paundi 2,500, na wewe na mimi ndio tutakaoulizwa kwanza. Kama una mtoto wa miaka 13 hadi 16, yake ni bure lakini lazima aichukue. Bwawani nenda, nakuruhusu, nenda mara chache ujue samaki anavuta vipi na namna ya kumfungua bila kumuumiza. Katikati ya wiki kuna nafasi. Kisha tafuta klabu yenye kipande cha mfereji wa Grand Union au cha mto Soar, yote mawili yamepita mlangoni kwako Leicester na hujayatazama. Sehemu kubwa ya mifereji haina msimu wa kufungwa, kwa hiyo usiniambie unangoja Juni. Chelezo chembamba, ndoana ndogo, mkate mweupe. Lisha kidogo.

Ule ufito wa mita 16 ulionitumia picha yake usinunue. Ninao wangu wa zamani wa mita 11, una kipande kimoja kilichofungwa kwa gundi lakini haupindi, umelala stoo tangu niliponunua ule ambao hatuutaji bei. Njoo Coventry uuchukue bure. Ila uje na kadi ya klabu mkononi, iwe imelipiwa.